Macho Niliyompa Kabula

Jumapili, Ngokolo. Vumbi tangu asubuhi, jua la kuumiza kichwa, na dirisha sijalifungua.

Bibi yuko chumba cha pili. Baba mdogo amemleta leo saa nne, na mfuko mmoja wa nguo na kigoda chake. Shamba, kuku na nyumba vimebaki kijijini. Kwa nini amekuja, nitaandika kama ilivyo.

Mwaka mzima nimekuwa nikichora hapa kwenye blogu hadithi ya katuni ya Kabula na Doto. Kabula amebeba roho ya bibi yake aliyekufa. Doto, mchimba dhahabu wa Runzewe, alitoka shimoni na kitu kama nyoka kimejiviringisha kifuani. Wanapendana, lakini waliomo ndani yao hawapatani. Doto akimshika mkono, ile roho inapanda, na uso wa Kabula unageuka kuwa wa kikongwe mwenye macho mekundu.

Uso ule nilimwibia bibi yangu.

Sikumwomba. Likizo iliyopita nilikaa jikoni kwake na daftari, yeye akikoroga ugali, nikachora mikunjo yake yote. Macho yake ni mekundu kwa sababu miti kijijini imeisha, na amepikia vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe tangu aolewe. Nilijua. Ila kwenye simu wekundu ule ulitisha vizuri, na wasomaji waliupenda, kwa hiyo nikauongeza.

Alhamisi bibi alikuta karatasi imebandikwa mlangoni kwake. Ni picha yangu, imetolewa kwenye simu na kuchapishwa kwa rangi. Maneno ya Kabula yamebaki pale pale: "Ndani yangu tuko wawili." Chini yake mtu ameandika kwa kalamu: Tunakujua. Ondoka.

Huku kwetu kikongwe mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na akipata karatasi ya namna hiyo hangoji ya pili. Wapo waliongoja.

Baba mdogo hajui nani anaandika blogu hii, maana jina langu halipo. "Nikimpata aliyechora huu ujinga," alisema, "nitamvunja vidole kimoja kimoja."

Nikamuuliza kama anataka chai.

Alipotoka kutafuta vocha, bibi akaitoa karatasi kwenye kitenge, akainyoosha juu ya goti. Hajui kusoma.

"Nisomee, mayu." Huniita hivyo, mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

Nikamsomea maneno yangu mwenyewe. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Na huyu kijana pembeni?"

"Ni mchumba wake."

"Hamwogopi?"

"Hamwogopi, bibi."

"Basi ana akili kuliko majirani zangu." Akacheka kidogo, kisha akaweka kidole kwenye picha, chini kabisa. "Hiki kigoda ni changu. Mguu umefungwa waya. Nilifunga mimi."

Nilikichora na waya wake. Nilijivunia ule waya.

"Ni mimi, bibi."

"Nimeshajua. Nani mwingine hukaa jikoni kwangu bila kulalamika?" Aliendelea kuitazama karatasi. "Macho haya ni ya moshi."

"Ndiyo."

"Uliandika kwamba ni moshi?"

Sikuandika.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliikunja karatasi mara nne, akageukia jiko langu la gesi.

"Hili halina moshi?"

"Halina."

"Nikipikia hili, yatakuwa meupe baada ya siku ngapi? Nataka kurudi kabla ya kupanda."

Picha nimeifuta mchana huu, hadithi yote nimeifuta. Haisaidii kitu. Karatasi hazifutiki kutoka hapa, na sijui ziko kwenye milango mingapi. Nilijiambia naandika juu ya kumpenda mtu pamoja na kilichomo ndani yake. Ndani ya bibi hakukuwa na kitu. Nilikitia mimi.

Geti limelia. Baba mdogo amerudi, namsikia akikung'uta vumbi viatuni.

Nikiweka nukta hapa, naenda kumwambia. Nitakaa mbele yake na mikono yote miwili nitaiweka mezani.