Saa Moja ya Gati la Pruitt

Jumatano, 1 Oktoba 1862
Nimenyimwa unga tena. Mwenye duka kasema gunia limekwisha — na liko pale pale, nyuma ya mguu wake. Kosa langu kuzaliwa Kaskazini, kwa adui zao wa vita hivi. Miaka kumi na moja nawafundisha watoto wao kusoma, mume wangu Lemuel nimemzika kwenye udongo wao huu wa Arkansas. Bado kwao ni Myanki tu, mtu wa Kaskazini. Wifi Drusilla, dada yake Lemuel, alikuwapo. Akatazama pembeni.

Ijumaa, 3 Oktoba
Asa, mume wa wifi, na wenzake wapiganaji wa msituni wamejificha nyuma ya marobota ya pamba gatini, wakaimiminia risasi meli ya abiria iliyokuja kupakia kuni. Niliwaona wazi kutoka dirisha la shule. Mwanamke mmoja alianguka sitahani, kikapu mkononi. Watu wakashangilia. Kimji cha nyumba arobaini, kimechokoza jeshi lenye manowari!

Jumapili, 5 Oktoba
Kanisani benchi zima nimekaa peke yangu. Mchungaji kamwomba Mungu afichue wasaliti. Vichwa vyote vikanigeukia. Nimerudi nyumbani, kisimani mmetupwa mzoga wa nguruwe. Laana yao.

Jumatatu, 6 Oktoba
Manowari ya Kaskazini imetia nanga asubuhi. Asa na mashujaa wake wametokomea, moshi wametuachia sisi. Kapteni katupa saa moja kutoa vitu kabla hajauchoma mji. Kasema mabaharia wa kesho watapita hapa wasijue palikuwa na mji.

Hester, mtumwa wa mwenye duka, kapanda manowari mikono mitupu. Hakugeuka nyuma. Afadhali yeye.

Duka limekwisha. Shule inaungua. Kapteni kanijia — lafudhi ya kwetu kabisa! Nikiwataja waliofyatua, nyumba yangu itasalimika. Kanipa penseli na dakika tano.

Wifi kaja mbio, masizi usoni, kapiga magoti.

"Orpha, wifi yangu, usimtaje Asa. Watamnyonga."

"Leo ndiyo nimekuwa wifi yako?"

Kashika upindo wa gauni langu, hauachii. Watoto wake wawili wamekaa juu ya godoro barabarani, wananitazama. Niliwafundisha mimi kuandika majina yao.

Kapteni kaangalia saa. Anadhani majina ndiyo ninayoandika hapa. Moto umefika ua wa jirani. Nimechana ukurasa mtupu, nimeuweka gotini. Jina la kwanza limekwisha andikwa. Wifi anauliza ni la nani —