Ng'ombe wa Bwana Nkusi Amerudi kwa Mwenyewe

Mbugangari, Gisenyi
Jumapili, 19 Mei 2024

Mpendwa Shangazi Kabatesi,

Shikamoo, Shangazi. Natumaini barua hii itakufikia hapo Tabora ukiwa mzima, na kwamba goti lililokusumbua wakati wa mvua limepoa. Mjomba anaendeleaje na kazi ya reli? Sisi huku tunapumua. Mama anashona sare za shule mpaka kidole kimeota sugu, Baba yuko barabarani na gari lake la mizigo kama kawaida, na mimi nimekuwa wa tatu darasani. Ningekuwa wa pili kama si jiografia. Ninakuandikia kwa Kiswahili ili watoto wako nao waisome, kwani najua Kinyarwanda kinawapiga chenga.

Sasa nina jambo la kukuomba msamaha. Mwezi wa pili tulikuambia kwamba mdogo wangu Alliance alilazwa kwa malaria. Haikuwa malaria, Shangazi. Baba alisema ukweli ungekutia hofu bure ukiwa mbali. Babu kule Bugeshi naye alidanganywa vivyo hivyo. Nakuandikia leo kwa sababu uongo huo ulituletea balaa, na pia nataka usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu wa Bugeshi.

Shuleni kwa Alliance watoto walikuwa wakipewa maziwa kila Jumatano. Jumatano moja ya mwezi wa pili walikunywa, na kufikia Jumamosi watoto kumi na wanne walikuwa wakihara damu. Alliance alianza kuvimba uso, halafu mkojo ukakatika kabisa. Alipelekwa Kigali, akalala kwenye mashine ya kusafisha damu siku kumi na moja. Ana miaka tisa tu. Mwalimu wetu wa baiolojia alinieleza kuwa kuna bakteria wanaoishi kwenye matumbo ya ng'ombe bila kumdhuru ng'ombe mwenyewe, lakini wakiingia kwa mtoto sumu yao hushambulia figo. Kuchemsha maziwa kunawaua. Ni kazi ya dakika chache tu, Shangazi.

Maziwa yalitoka katika kiwanda cha Bwana Gentil Nkusi, hapa mjini. Wakaguzi waliwakuta bakteria walewale katika maziwa yake na katika vipimo vya watoto. Waliandika pia jinsi bakteria hao walivyofika huko. Wafanyakazi walikuwa wanachemsha vizuri, lakini siku maziwa yakipungua walikuwa wanajaliza madebe kwa maziwa mabichi ili hesabu ya shule itimie. Juu yameandikwa yamechemshwa, na ndani ni nusu kwa nusu.

Wazazi walimpata wakili, Mama Mukamusoni, mwanamke mfupi anayeongea polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Alisema hataki watoto wapewe pole tu. Anataka mahakama iamuru kiwanda kile kisipeleke hata kikombe kimoja shuleni bila kupimwa, na majibu ya vipimo yabandikwe mlangoni mwa shule kila mzazi ayasome. Familia kumi na nne zilitia sahihi, na ya kwetu ikiwa ya kwanza.

Hapo ndipo Bwana Nkusi alipoanza kutembelea watu. Kwetu alimkuta Mama kwenye cherehani.

"Mama Nadra, mi siko mutu mubaya," alisema. "Mutoto amepona, Mungu asifiwe. Tunatafuta nini tena?"

Mama hakunyanyua mguu kwenye cherehani. "Bon. Mutoto wangu alilala kwa mashine siku kumi na moja. We ulilala wapi?"

Akaondoka bila kumalizia chai. Nilidhani ameshindwa. Kumbe alikuwa amejua mlango mwingine, na mlango huo ulikuwa Babu Anastase.

Wewe ni binti yake, unamjua. Bwana Nkusi alipanda Bugeshi na ng'ombe jike mwenye maziwa, mweusi mwenye paji jeupe. Alimwambia Babu kwamba amesikia mjukuu ameugua, akaona vyema wawe marafiki. Babu aliyekuwa anajua malaria tu aliguswa sana. Aliwaita majirani, akapiga makofi, akatamka shukrani zote anazotamka mtu aliyepewa ng'ombe, na akaapa urafiki mbele yao. Kisha akaletewa karatasi ya kupokea ng'ombe, akaweka dole gumba.

Karatasi ile ilisema kwamba familia imeridhika.

Wakili alituambia isitutie hofu, kwa sababu Babu si mzazi wa Alliance na hawezi kumsamehe mtu kwa niaba yake. Lakini kilichomfunga Baba hakikuwa karatasi, bali ng'ombe, kwani kwetu aliyepewa ng'ombe hawi adui wa aliyempa. Alikaa kitandani ameshika kichwa. "Nitasimamaje mbele ya hakimu nimshtaki mtu ambaye ng'ombe wake yuko zizini kwa baba yangu?" Alisema Jumatatu atajitoa kwenye kesi. Familia nyingine tisa zilikuwa zimeshajitoa, na tukitoka sisi tuliokuwa mbele, nani angebaki?

Shangazi, sijawahi kumvunjia Baba heshima. Ila Jumamosi ile nilichukua nakala ya ripoti ya wakaguzi, nikapanda moto, kama tunavyoita bodaboda huku, halafu nikatembea njia ya mashamba ya viazi mpaka kwa Babu. Sikuomba ruhusa. Nilimsomea ripoti yote, neno kwa neno, nikiitafsiri. Nilipofika kwenye madebe alinyanyua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Ukungu ulikuwa unashuka juu ya paa. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya malaria. Alisema malaria tutaizungumza siku nyingine, na ataizungumza na Baba, si na mimi. Halafu akaenda kutafuta kofia yake.

Tulitoka alfajiri ya kesho yake, Babu, mimi na ng'ombe. Unajua mteremko ule ulivyo. Tulipoingia mjini mchana, madereva wa moto walitupigia honi na kututania kwamba mzee analeta mahari. Babu akawaambia, "Hapana, namrudisha." Utani ukaisha palepale. Hakuna aliyewahi kuona ng'ombe wa zawadi akirudishwa. Kijana mmoja alizima moto yake tukapita. Hapa Mbugangari Alliance alitoka mbio akamlisha ng'ombe maganda ya ndizi, akakataa kubaki nyumbani. Baba alitokea mlangoni, akamtazama baba yake, akavaa viatu, akatufuata.

Mlinzi wa kiwanda alituzuia. "Muzee, hapa hatununuake ngombe."

"Na mimi siuzi," Babu akasema, akamfunga ng'ombe kwenye nguzo ya geti.

Bwana Nkusi alikuja anakimbia. "Muzee, ngombe hairudishwake! Unaniaibisha mbele ya watu!"

Watu kweli walikuwa wamejaa. Babu alivua kofia. Alisema kwa Kinyarwanda, nami nakuandikia kama nilivyosikia: "Nilikupigia makofi mbele ya majirani. Nimekuja kuchukua shukrani zangu. Ng'ombe wako huyu, mzima kama ulivyomleta. Sisi tulikupelekea mtoto mwenye figo nzima mbili. Umemrudishaje?"

Alliance alikuwa amesimama pale, mkono juu ya shingo ya ng'ombe. Bwana Nkusi hakumtazama.

Jumatatu Baba alikwenda kwa wakili, lakini si kujitoa. Alikuta familia mbili kati ya zile tisa zimeshakaa kwenye benchi zikisubiri kurudi. Sasa tuko saba. Kesi itasikilizwa tarehe 12 Juni, nami nimeomba ruhusa shuleni. Bwana Nkusi ana mawakili watatu. Sisi tuna mmoja anayeongea polepole, na hatuondoki.

Alliance bado ana figo moja dhaifu. Anakwenda kliniki kila mwezi na anakula bila chumvi, na ananuna. Maziwa anakunywa tena, lakini kwanza anasimama jikoni mpaka ayaone kwa macho yake yakichemka.

Ombi langu ni hili. Kule Bugeshi wapo wanaosema Babu amezeeka akili, kwamba mtu mwenye adabu hawezi kurudisha ng'ombe. Wazee wawili hawakai naye tena. Hasemi, lakini nilimwona akila peke yake. Tafadhali mpigie simu, Shangazi. Neno la binti yake litamkaa kuliko letu. Mwambie alifanya vyema.

Baba, Mama na Alliance wanakusalimu sana. Nisalimie Mjomba, na Liliane, na yule mdogo ambaye sijamwona. Mungu awalinde, na kila kikombe mnywacho kiwe salama.

Mimi mwana wa kaka yako, ninayekupenda kila siku,

Nadra