Baba, Wajane Wako Wamekuwa Marafiki

Baba,

Mama amenenepa. Naanza na hilo kwa sababu ulipoondoka sote tulidhani atakufuata upesi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kambini Naguru na kofia ya polisi mkononi, ukiniita "afande Apio" hadi majirani wacheke? Wikendi ulituambia uko "zamu". Hiyo zamu tuliijua siku ya mazishi, alipofika Mama Nakato, muuza majiko wa Katwe, akilia kuliko sisi. Wajomba walitaka kumfukuza. Mama akasema, "Mwacheni akae. Na yeye amefiwa."

Mama alipopima akakutwa na virusi vya UKIMWI, alipanda boda mpaka Katwe. "Mama Nakato, vaa viatu twende kliniki." Naye akakutwa na virusi. Muuguzi akauliza kama kuna mtu mwingine. Mama Nakato akainamisha kichwa: zile wiki ambazo hukuonekana, alikuwepo Mkenya muuza vitambaa. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe tulikuwa na Mkenya nyumbani na hatukumpa hata chai." Wakampigia simu, akaja kupima.

Hukuwa na wanawake wengi, Baba. Wawili tu. Lakini ulikuwa nao kwa wakati mmoja, miaka yote, na mmoja wao naye alikuwa na mwanamume mwingine. Muuguzi alisema hapo ndipo virusi hupata njia: vikimwingia mmoja, wengine wote wako karibu. Nani alianza? Hatujui. Mama alikataa tutafute.

Sasa wote watatu wanameza dawa, na virusi vimepungua hadi kipimo hakivioni. Jumapili Mama Nakato huja na matoke, wanabishana juu ya mapishi, kisha wanakusengenya wewe. Nilikukasirikia sana, Baba. Sana. Lakini wakianza kucheka, nami nacheka.

Nimepata mchumba, Okot, anafundisha Kyambogo. Kabla hajataja mahari, wajane wako walimkalisha chini. "Una mwingine?" Mama Nakato akamuuliza. Akasema hana. "Basi kapimeni pamoja, na mbaki hivyo hivyo, wewe na yeye." Tumepima. Tuko salama.

Pumzika, Baba. Nakuahidi wajukuu wako watakujua: utani wako, na ugonjwa uliokuua, ule ulioogopa kututajia. Nitawaambia mchana, tukila, bila kushusha sauti.

Binti yako,
Apio