Redio Ilisema Nyumba Yako Imekwisha

Mama,

Naanza na habari za redio, maana najua ungeuliza hiyo kwanza, kabla hata ya kuuliza kama mjukuu wako amekula. Redio ni nzima. Mawe yake ya betri nayaanika juani kila Jumamosi kama ulivyonifundisha, na kitambaa chako cha maua bado kinaifunika. Ila Bi Tunu wa mchezoni amekufa. Wiki ileile tuliyokuzika wewe, Jumapili yake, na yeye akafa.

Sikutaka kuiwasha siku ile. Nyumba ilikuwa bado na matanga, masufuria ya watu yamejaa uani, na mimi sikuwa nimepata hata nafasi ya kukulilia vizuri, kwa sababu wageni wa msiba wanakula, wewe unajua. Lakini ilipofika alasiri nikawaona wanakuja mmojammoja na vigoda vyao, kila mtu na kikapu chake cha pamba ya kuchambua, kama Jumapili zote. Wakakaa. Mwisho Yohana katekista akaniambia, "Binti, huyu marehemu hakuwaga anakosa. Tumsikilizie." Nikaiwasha.

Basi tukakusikilizia. Na Bi Tunu akafa, akafa polepole, akisema maneno mengi kwanza. Ndipo nikalia, Mama. Nililia mpaka Yohana akaninyang'anya kikapu maana nilikuwa nachanganya pamba safi na fifi, ile chafu. Watu walidhani namlilia mtu wa redioni. Waache wadhani hivyo.

Na ubishi ulikuwepo, usifikiri tulinyamaza kwa heshima yako. Mchezo ulipokwisha, mtangazaji akasoma yale majina matatu ya watunzi, na palepale watu wakaanza: ni nani kati yao aliyemuua Bi Tunu? Mchezo wenyewe unasimulia enzi za Mjerumani, wanaoutunga wako Dar es Salaam, hakuna aliyewahi kuwaona, lakini wewe ulikuwa umewapa majina kama watoto wa jirani. Mpishi, ambaye zamu yake ikifika watu wote wa mchezoni wanakula. Mwenye Haraka, ambaye akishika kalamu lazima nyumba iungue. Na Mwana wa Mjane. Huyo ulimpenda. Ulikuwa unasema, "Huyu kalelewa na mama peke yake, huyu. Anajuaga mwanamke anavyonyamaza." Yohana akasema kifo kile ni kazi ya Mwenye Haraka. Mimi nikasema hapana, Mwenye Haraka angemwangushia mti. Aliyemwacha aseme vile kabla ya kukata roho ni Mwana wa Mjane. Wengi wakakubaliana nami, nikajisikia kama nimekalia kigoda chako.

Sasa nikueleze yaliyofuata, na usikasirike.

Unakumbuka tulivyoshangaa Bi Tunu alipomtolea ng'ombe yule binti, Chausiku. Ulipiga goti lako ukacheka peke yako, ukasema watu wa Dar nao wamesikia habari za nyumba ntobhu. Mjane asiye na mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe wake mwenyewe, anaoa binti, watoto wa binti wanakuwa wa nyumba yake na jina la marehemu mume wake linaendelea. Bi Tunu alikuongelea wewe, na Chausiku alikuwa mimi, ingawa walizungumza Kiswahili cha Pwani mpaka ukasema Bi Tunu huyu ana moyo wa Bunda na mdomo wa kadhi. Nilikuwa nakuangalia kwa pembeni Jumapili zile. Ulikuwa unakaa wima zaidi. Majirani waliokuwa wakinong'ona kwamba umeoa mtu wa kukuchotea maji tu, walianza kuniuliza mambo kwa adabu, kana kwamba nimetoka redioni.

Haya. Jumapili ileile, kabla mchezo haujakwisha, Bi Tunu akazikwa, wakamleta yule shemeji yake, Jumbe Kitwana. Akasimama mbele ya kaburi akatangaza: nyumba ya mwanamke aliyeoa mwanamke si nyumba, mwenyewe akifa imekwisha, binti arudi kwao, mtoto na ng'ombe wachukuliwe na ukoo. Hapo ndipo walipokatia.

Baba mkwe Magesa alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Shemeji yako hakuwaga mpenzi wa mchezo, alikuja kwa ajili ya matanga. Nikamwona anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia bei mpya ya pamba.

Jumatatu asubuhi alikuwa zizini kwako, anawatazama ng'ombe. Nikamsalimu kwa goti. Akaniambia bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniogopesha, "Mkwe wangu, umesikia mwenyewe. Redio imeshasema."

Mama, mtu huyu hakuwa anadanganya. Aliamini. Nami nikifikiri naona kwa nini. Kila alichowahi kukisikia redioni kilikuwa amri. Uhuru tuliusikia humo. Bei ya pamba humo. Habari ya kuhamia vijijini humo, na kweli tukaanza kufunga mizigo. Redio ni serikali, na serikali haiketi alasiri nzima kutunga uongo kuhusu mjane. Ubaya wenyewe ni kwamba nusu ya wapenzi wako wa Jumapili, watu waliokuwa wakimzomea Jumbe Kitwana mpaka mate yanawatoka, nao waliingiwa na baridi. Wakaanza kuniaga kwa macho.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Viwanja vya kijiji kipya upande wa Nyasura vilikuwa vigawiwe baada ya siku chache, kiwanja kwa kila kaya. Kama nyumba yako si nyumba, haina kiwanja. Mimi narudi Butiama kwa baba yangu na sanduku langu, mwanangu Mafuru anabaki kwa Magesa, na jina la mume wako linaishia hapo. Sikulala vizuri. Nilimwangalia Mafuru anakula uji, nikawa najiuliza nani atakumbuka kwamba uji hali ukiwa na ukoko.

Kikao cha ukoo kikakaa kwa Magesa. Yohana katekista, kwa kuwa ni mtoto wa wifi yako, aliruhusiwa kusema kwanza. Akawaeleza kwa upole kwamba mchezo ni kitu cha kutungwa, kuna watu wanakaa mezani na kuutunga. Magesa akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na bei ya pamba inatungwaga na haohao?" Watu wakacheka, na kicheko kilikuwa cha kwake. Yohana akarudi kukaa. Ungekuwepo ungemwambia arudi kwenye katekisimu.

Nikaona naondoka hivihivi. Nikapiga magoti, nikaomba ruhusa ya kusema. Nikasema, "Baba mkwe, mimi sibishi na redio. Lakini Jumbe huyuhuyu Kitwana, kabla ya mavuno, si aliamuru kila mwanaume wa nchi ile ampelekee fahali wake mmoja bora? Nayo ilisemwa redioni, na sisi sote hapa tulisikia. Nauliza tu. Wewe wa kwako umeshapeleka?"

Mtu mmoja nyuma akaguna. Halafu mwingine. Unajua fahali wa Magesa, yule mwenye baka jeupe anayemwimbia kama mchumba. Kicheko kilianza upande wa wanawake kikazunguka uwanja mzima, na safari hii hakikuwa chake. Hata yeye, Mama, nikamwona anazuia mdomo. Akasema, "Huyo Jumbe ni mwizi." Nikasema, "Ndiyo, baba." Sikuongeza neno. Ulinifundisha kwamba mtu mzima akianza kushuka mwenyewe usimsukume.

Ndipo Mzee Wambura, mkubwa wa ukoo, akashika fimbo yake. Hakuzungumzia redio hata kidogo. Aliuliza swali moja: ng'ombe waliomtoa binti huyu Butiama walitoka zizi la nani? Wakajibu, la marehemu. Akauliza, na nyama ya harusi ile nani hapa hakula? Akasema, "Tuliila wote, tena Magesa ulipewa kidari. Sasa leo tuitapike?" Akanigeukia mimi. Akasema ukoo haumfungi mtu kamba, binti bado ni kijana, akitaka kurudi kwao hakuna wa kumshika na hakuna wa kumsema. Aseme mwenyewe.

Hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, sikuwa nimejiandaa kuulizwa. Na nikuambie ukweli, kwa nukta moja niliiona nyumba ya mama yangu, nikasikia harufu ya jiko lake. Nilikuja kwako nikiwa nalia, unakumbuka, nalia kwa sababu wenzangu waliolewa na wanaume wenye baiskeli na mimi naolewa na kikongwe. Usiku ule wa kwanza ulinipa kitanda chako wewe ukalala kwenye ngozi. Ukaniambia, "Mimi sikukununua. Nilikuomba." Sasa pale kikaoni maneno hayo yakanirudia. Nikasema, "Mimi nimeolewa hapa." Ni hayo tu niliyoweza. Mzee Wambura akasema yanatosha.

Kiwanja tumepata, Mama. Si kizuri sana, kina mawe upande wa juu, lakini kisima kiko karibu. Nguzo zilibebwa na watu wako wa Jumapili, na ubishi ulikuwa njia nzima, Mpishi atarudi lini kwenye zamu, na kwa nini Chausiku hana akili ya kukimbilia kwa wamisionari. Nguzo ya katikati aliileta Magesa. Aliitupa chini, akafuta jasho, akakaa bila kukaribishwa. Akauliza kama mchezo ni leo.

Sasa huyo ndiye anatusumbua kuliko wote. Anakuja mapema, anashika kigoda cha karibu, na ile sheria yako kwamba anayeongea katikati ya mchezo anapewa fifi ya wenzake achambue, yeye peke yake ana vikapu viwili. Hajui kunyamaza. Jumbe akikohoa tu, anamtukana. Juzi tulipokubaliana tuwaandikie watunzi barua ya kumwombea Chausiku asifukuzwe, Magesa alitaka Yohana aongeze kwamba Kitwana apigwe na radi, tena akiwa anakula. Yohana akamwambia hiyo ni kazi ya Mpishi na Mwenye Haraka kwa pamoja. Tulicheka sana. Nilicheka, Mama, na sikujisikia vibaya.

Hawajatujibu. Lakini Jumapili iliyopita Chausiku alikuwa bado yupo. Amejificha kwenye mapango ya mawe na mtoto wake, na wanawake wa kijiji wanampelekea chakula kwa siri. Nadhani Mwana wa Mjane amemwonea huruma. Nadhani atamwacha abaki. Na kama hatamwacha, basi, ni redio tu.

Boma la zamani tumelihama, lakini shamba la kule bado ni letu. Kila nikienda kupalilia napita kwako kwanza. Nimezungushia miiba ili mbuzi wasikupande. Mafuru ana kawaida ya kukusimulia mambo ya shule, anasimama mkakamavu kama yuko mbele ya bendera. Simkatazi.

Kuna jambo moja nimeliacha mwisho kwa makusudi. Yule mtu wa Mugango, uliyemkubali mwenyewe awe wa kunipa watoto wa nyumba hii, baada ya kumhoji kuliko padri, ameendelea kutuletea sato na heshima zake. Na mimi nina mimba. Uliondoka kabla sijajua. Mzee Wambura ameshaambiwa, amefurahi, amesema nyumba inaongezeka.

Naomba unisikilize hapa. Jina lako sijawahi kulitamka. Mkwe hatamki, hata msibani nilipoulizwa nilimwacha Yohana aseme. Sasa nakuahidi, akija msichana ni lako. Siku za kawaida nitamwita Mama, ndivyo watu wanavyowaita watoto waliorithi majina ya wakwe, na nitamwinamia kidogo nikimpa uji, watu wacheke wakitaka. Lakini unisamehe mapema. Akija kumwaga maziwa, au akamchokoza kaka yake, nitasimama mlangoni pa nyumba yako niliite jina hilo kwa sauti, kijiji kizima kisikie nyumba hii ni ya nani.

Kwaheri, Mama. Pumzika, huku tunaendelea.

Kwaheri, Nyangeta.

Mkeo na mkwe wako,
Sabina