Vidonge Nilivyowagawia Mafundi Wangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana nakosa hata hamu ya kula. Mimi ni msimamizi wa mafundi cherehani kumi na wawili, tunashona sare, na kuinama kutwa kunaua mgongo, kwa hiyo nilianza kuwagawia vidonge vya maumivu, diklofenaki, kwa nia njema lakini pia nikitaka oda iishe, na aliyevitegemea zaidi ni shoga yangu Mama Pacha, mwenye presha, anameza asubuhi kwa chai kavu, anameza jioni, na mgongo ukimkaba namwongezea ibuprofeni, miezi mitano hivyo hivyo. Akalalamika tumbo linawaka na miguu inavimba, nikamwambia, “Shoga, ni uchovu tu, malizia hizo kola.” Wiki iliyopita alitapika damu juu ya mashati. Sasa yuko wodini, tumbo lina vidonda, figo zimeathirika, na mumewe aliponiuliza, “Dada, kuna dawa alikuwa anatumia?” nikamwambia sijui. Nikisema kweli nampoteza shoga na kazi pia. Jana mafundi wawili walikuja kuomba tena, nikawapa. Mimi mwenyewe navimeza, na siku hizi choo changu ni cheusi kama lami. Nifanye nini?

Msimamizi

JIBU:

Dada, pole. Lakini barua yako inakuhurumia wewe kuliko aliyelala wodini. Daktari anamtibu kwa kubahatisha kwa sababu umefunga mdomo. Dawa hizo zinatuliza maumivu kweli, ila zinaweza kuchimba tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, tena ukizichanganya mbili za aina moja ndiyo hatari zaidi. Mwenye presha hakutakiwa kuzimeza bila daktari, na wewe si daktari.

Ukimaliza kusoma hapa, beba pakiti zote uende wodini. Mwambie daktari ni zipi, ngapi, tangu lini. Kisha mwambie mumewe kwa kinywa chako, usitume mtu. Hapo hapo omba upimwe: choo cheusi huenda ni damu inayovuja tumboni, kwa hiyo usimeze hata kimoja zaidi. Mafundi wako uwaeleze kilichompata mwenzao, na anayeumwa umpe ruhusa aende hospitali.

Kazi unaweza kuipoteza, sikufichi. Mama Pacha akikugeuzia mgongo, usijitetee. Kaa kwenye benchi nje ya wodi, na mumewe akihitaji mtu wa kufua mashuka, inuka ukafue.