Mahali pa Kuwasha Moto

Sundbyberg, 9 Juni 1975

Wifi yangu Noeline,

Hapa kwetu hakukaliki. Kaka yako Mukasa amenunua gari kuukuu, na ramani yake imetanda mezani mpaka tunakula tumepakata sahani. Anataka twende Abisko, hifadhi ya taifa iliyoko kaskazini kabisa, mwendo wa siku mbili. Akikaa anainuka, anashuka kuwasha injini, anaizima, anarudi kwenye ramani. Watoto wanamcheka kwa Kiswidi.

Ile habari ya mama uliyonipigia simu nimweleze taratibu, sijamweleza. Kila nikifungua mdomo naongelea matairi. Nitamwambiaje mtu kwamba mama yake ameshazikwa, na Uganda yenu hamwezi kuikanyaga, si yeye si wewe?

Jana alipiga simu hifadhini. Hakuuliza milima wala wanyama. Aliuliza tu kama wanaruhusu kuwasha moto nje na kulala kando yake mpaka asubuhi. Nikamjia juu: mimi nimechoka, tukodi chumba kama watu!

Akakunja ramani. "Getrude, tangu Noeline apige simu unanitazama kama mgonjwa. Mama amefariki, najua. Sasa matanga bila moto uani ni matanga gani? Na kwenye ghorofa hii nitauwasha wapi?"

Nimepakia mablanketi. Tunaondoka Ijumaa ya wiki ijayo. Jumamosi usiku na wewe washa huko Nairobi, hata kama ni jiko la makaa.

Wifi yako,
Getrude