Sikai, Nileteeni Kiti

Palma, kaskazini mwa Msumbiji, Jumapili. Joto la kunata tangu asubuhi, wingu limetusimamia juu ya bati na mvua haitaki kushuka. Naandika haraka, kwa hiyo mkiona herufi zimerukana, mnisamehe.

Leo wamekuja kuniposa.

Niseme ukweli: tangu Alhamisi sijala chakula kikashuka. Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye walii wangu, na alipopigiwa simu kule Quionga alijibu maneno machache tu. "Aje mwenyewe nimtazame. Nisipompenda, msiniulize mara ya pili." Na Baba Mkubwa akishasema, amesema. Akikataa yeye, ndoa hakuna, na mimi si mtu wa kutoroka na begi.

Anayeniposa ni Amade. Kwao Nampula, Mwislamu, serikali imemleta hapa kwenye ofisi ya registo, anaandikisha watoto wanaozaliwa. Alipofika alikuwa na Kimakua chake na Kireno, basi. Lakini Baba Mkubwa hana ugomvi na Wamakua. Anachoogopa ni mtu wa serikali, leo yuko Palma, kesho kapewa karatasi ya uhamisho, anaondoka na binti. Tangu tulipokimbia vita, familia yetu imeshatawanyika vya kutosha.

Sasa Kiswahili alichonacho Amade amekipata wapi? Kwenye "Ukuta Mmoja".

Kama hukijui kichekesho hicho cha runinga cha Tanzania, sijui umekulia wapi. Mimi nimekianza nikiwa shule ya msingi na bado kipo. Nyumba mbili zimeshikana ukuta, watu wanasikilizana siku nzima. Hakuna jipya. Mzee Kirungu anabisha hodi saa ya kula, na Bi Semeni anamfungulia, mkono kifuani, sauti imejaa asali: "Karibu, tulikuwa tunaondoka." Naye anajibu: "Sikai. Nileteeni kiti." Analetewa kile cha miguu mitatu, anakaa ameegemea ukuta, anakula. Kila wiki ni hayo hayo, na kila wiki tunacheka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hatuchoki. Nadhani ni kwa sababu ndivyo tulivyo sisi. Hatumfukuzi mtu, tunamkaribisha mpaka aone aibu mwenyewe. Tulipokimbilia Mtwara tulilala kwenye ukumbi na watu tusiowajua, kila mmoja na kilio chake. Jioni moja mtu akawasha simu, Mzee Kirungu akabisha hodi, na ukumbi mzima ukaitikia: tulikuwa tunaondoka! Nilicheka huku nalia, na sikuwa peke yangu.

Amade anajaziwa vipindi kwenye kadi ya simu pale sokoni. Anavyo vyote. Anapotazama hucheka kwa kuchelewa, maana anatafsiri kwanza kichwani. Nakiri hapa, na Mama asisome: nilimpenda kwa kile kicheko cha kuchelewa.

Tatizo ni kwamba Baba Mkubwa hakitaki kabisa. Akiwa kwetu, muziki wa "Ukuta Mmoja" ukianza tu, anachukua kofia yake anakwenda uani. Nyumba nzima tunajua kwamba anaona ni upuuzi. Kwa hiyo nilimwonya Amade mara tatu. Atakayesema ni mshenga, Mwalimu Bakari wa madrasa. Wewe toa shikamoo, kaa, nyamaza.

Baba Mkubwa alikuja kutoka Quionga asubuhi, na Amade na Mwalimu wakafika baada ya alasiri. Mimi na Mama tulikuwa nyuma ya pazia la chumbani, na pazia lile lina tundu, namshukuru Mungu. Salamu zikapita salama. Shikamoo, baba. Marahaba. Baba Mkubwa akawaambia, "Karibuni mkae."

Mwalimu akakaa. Amade akabaki amesimama.

Nikamwona anainua mkono anauweka kifuani, nikajua. Akishikwa na woga, Kiswahili chote kinamkimbia, kinabaki kile alichokikariri.

"Sikai, baba," akasema, kwa adabu zote za dunia. "Nileteeni kiti."

Mwalimu Bakari akaanza kuangalia vidole vya miguu yake. Mama akanishika mkono, kucha zikaingia. Mbele ya walii, siku ya posa, kijana amekataa kukaribishwa na bado anatuma watu! Baba Mkubwa akavua miwani, akaifuta kwa kanzu taratibu, akaivaa tena.

"Karibu," akasema. "Tulikuwa tunaondoka."

Nikasema moyoni, imekwisha. Mtu asiyetazama kichekesho akisema hivyo, maana yake ni moja, toka. Hata Amade alielewa hivyo, kwa sababu aligeuka kutafuta viatu vyake mlangoni. Nilitaka kupita pazia lile, aibu iwe aibu.

Ndipo Baba Mkubwa akamwita kaka yangu.

"Assane. Mletee kile cha miguu mitatu."

Assane akazubaa, kisha akaenda uani akaleta kiti chetu cha plastiki kilichokatika mguu. Amade akakipokea kwa mikono miwili. Akakaa, akaegemea ukuta. Mama akajaza kanga mdomoni.

Mimi sikucheka. Baba Mkubwa hakutabasamu hata kidogo, na sikujua kama ule ni mzaha au ni mtego. Posa yote ilisemwa hivyo, Mwalimu akipamba maneno, Amade amekaza mguu wa kulia asianguke, jasho linamshuka shingoni.

Swali lenyewe likaja. "Ukihamishwa?"

"Nikihamishwa, baba, nitakuja kuuliza hapa kwanza. Mkisema hapana, nitaacha serviço. Samahani. Nitaacha kazi."

Nikahesabu maua ya pazia nikapoteza hesabu.

"Ile barua," Baba Mkubwa akasema mwishowe. "Aliifungua?"

Mwalimu Bakari hakuelewa kitu. Mimi nilielewa. Mzee Kirungu alimwandikia Bi Semeni barua, akaipitisha kwenye ufa wa ukuta, na Bi Semeni akaificha kwenye kopo la sukari. Kipindi hicho kilioneshwa wiki moja kabla hatujakimbia. Kumbe Baba Mkubwa alikitazama Quionga na mkewe, Mama Mkubwa wetu, aliyetutoka kwa homa kule Mtwara.

"Bado, baba," Amade akasema. "Mpaka leo iko kwenye sukari."

"Mke wangu alisema ataifungua. Mimi nikasema hathubutu." Akavua miwani tena. Safari hii hakuifuta, alifuta macho. "Tulibishana mpaka tukalala."

Miaka yote hii. Muziki ukianza anachukua kofia anatoka, na sisi tunakonyezana kwamba mzee hapendi upuuzi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumfuata uani. Naona haya kuandika, lakini nimeandika.

Alipoinuka kuondoka, Amade naye akainuka, kiti kikaanguka, hakuna aliyekiokota. Baba Mkubwa akavaa kofia.

"Ijumaa, baada ya sala, uje Quionga," akamwambia. "Uje na hiyo simu." Na pale mlangoni akamgeukia Assane: "Kiti hicho msikitengeneze."

Hakusema ndiyo. Nimemuuliza Mama, nimemuuliza Assane, nimempigia hata Mwalimu Bakari, hakuna aliyemsikia akisema ndiyo. Mama anasema nimuache mzee na mambo yake, nije nile, wali unapoa. Wingu bado limesimama palepale.

Amade ameniandikia sasa hivi. Anauliza: baba alinikaribisha au alinifukuza?

Nimeandika jibu refu nikalifuta. Nikaandika jingine, nikalifuta. Mwisho nimemtumia maneno mawili tu.

Chaji simu.